Siku Mbunge Wetu Aliponisemea

Soweto, Mbeya

Kwa mwanangu Upendo,

Kamwene, mwanangu. Najua shikamoo yako umenifungia kabatini, lakini mimi nakusalimia hivyo hivyo, na marahaba naitikia mwenyewe. Hujambo? Kifua cha bibi kimetulia na baridi hii? Kuni mnazo za kutosha? Huku mvua inanyesha mpaka nguo zinanuka ubichi kwenye kamba, nikawa nawaza huko kwetu kwenye ukungu ndiyo itakuwaje. Mwambie bibi avae lile sweta la kijani hata akiwa ndani, asione aibu.

Sisi tuzima. Tumaini anakula vizuri, amerefuka, gauni ulilomshonea limeanza kumpanda magotini.

Naandika kwa sababu simu yangu hupokei. Nimepiga mpaka yule dada anayesema namba haipatikani nimeanza kumwona kama ndugu. Barua hii anakuja nayo Mama Asifiwe, jirani yangu Mnyakyusa, anakwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua Mafinga, ameniahidi atafika hadi Igowole akupe mkononi. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne sikulimaliza, basi soma polepole na usiikunje katikati.

Bibi amenieleza kwamba watu wa kina Festo wamekuja kulichukua jembe lao la posa. Walilileta limefungwa kitenge, wakaondoka nalo begani kama mtu anayekwenda shamba. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini hapo hapo sokoni. Na najua unachosema moyoni, kwamba mama ndiye aliyeyaharibu kwa mdomo wake. Sikatai. Lakini wewe ulisikia ya redioni tu. Yalivyoanza hujayasikia, na nataka uyasikie kwangu.

Siku ile nilikuwa kliniki na Tumaini, tumekaa kwenye benchi tunasubiri dawa zake za kifafa. Hata kuliandika neno hilo mkono unasita, maana nyumbani tulikubaliana lisitajwe. Watu tuliwaambia Tumaini amekuja Mbeya kusoma na mimi nimemfuata kufanya biashara. Aliyejua ni wewe, bibi na baba yako mdogo, basi. Lakini mwanangu, ulikuwepo alipoangukia jikoni mkono ukaingia motoni. Ulikuwepo tulipokuwa tunakwenda zahanati yetu, nesi anafungua kabati anatuonyesha lilivyo tupu, naye mwenyewe anataka kulia. Ningefanya nini? Huku vidonge vinapatikana. Tangu avimeze bila kukosa hajaanguka tena.

Basi tumekaa pale, akaingia mama mmoja amevaa kitenge kizuri, wenzake wamebeba sabuni za kuwagawia wagonjwa. Anasalimia benchi kwa benchi. Alipofika karibu nikasikia ile lafudhi ya kwetu, mdomo ukanitangulia.

"Kamwene!"

Akasimama. "Kamwene! Wewe mama ni wa wapi?"

"Wa Mufindi. Huko Igowole, ndani ndani."

"Basi wewe ni mtu wangu. Mimi si ndiye mbunge wenu! Huku nimealikwa tu na wenzangu hawa."

Nikaficha miguu chini ya benchi kwa sababu ya zile kandambili zangu. Nikamwambia, "Nisamehe mheshimiwa, sikukutambua, kwenye picha za kampeni ulikuwa mnene." Alicheka mpaka wenzake wakageuka. Halafu akaketi hapo hapo kati yangu na Tumaini, akaniuliza imekuwaje tumetoka mbali hivi kufuata vidonge. Unanijua, nikiulizwa vizuri sijui kunyamaza. Nilimweleza yote, habari ya moto, habari ya kabati, habari ya mashamba ya chai niliyoyaacha nikaja kuuza uji. Alimshika Tumaini ule mkono wenye kovu, akauangalia sana.

Akasema, "Mama, haya nitamuuliza waziri. Niruhusu nikusemee."

Nikamwambia, "Nisemee, ila jina langu usilitaje. Nina binti anaposwa."

Akanijibu, "Jina lako halitatoka kinywani mwangu." Na kweli halikutoka. Huyo mama simlaumu, na wewe usimlaumu.

Alipopangiwa siku ya kuuliza akanitumia ujumbe. Hapo ndipo furaha ilipoanza kunichezea. Nani katika ukoo wetu aliwahi kusemewa bungeni? Asubuhi hiyo nikampigia bibi, nikamwambia mfungue redio, mbunge wetu anauliza habari za dawa. Bibi naye akaona fahari, akamwambia baba yako mdogo aitoe redio uani, sauti juu, majirani nao wasikie. Mimi sikujua kama uani wameketi mshenga na baba mkubwa wa Festo, vikombe vya pombe ya ulanzi viko mbele yao. Nilijua wanakuja Jumapili baada ya ibada kupanga siku. Kumbe waliwahisha. Naapa, Upendo, ningejua ningemwambia bibi aiangushe hiyo redio kisimani.

Huku nilikuwa kwenye genge la Mama Asifiwe, sufuria langu la uji jikoni, wateja wamekaa. Akaanza kujibu naibu waziri. Serikali inatambua, serikali imejipanga, serikali inaendelea. Mama Asifiwe akasema, "Huyu mbona anatandika kitanda tu, halali?" Ndipo mbunge wetu akasimama. "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, nina swali la nyongeza." Dereva mmoja wa bajaji akaropoka, "Mazuri yapi hayo?" Mama Asifiwe akamfokea, "Nyamaza unywe uji! Kule ndiyo adabu yao, wanasifiana kwanza ndipo wang'atane."

Basi mbunge akasema. Akasema kuna mjane jimboni kwake, kijiji kimoja karibu na Igowole, alikuwa akichuma chai. Sasa anauza uji Soweto, Mbeya, kwa sababu ana mtoto wa kike mwenye kifafa aliyeungua mkono, na zahanati ya kijijini kwao haina vidonge. Halafu akauliza, "Je, Waziri yuko tayari kumwambia mama huyu lini arudi nyumbani kwake?"

Wabunge wakapiga meza. Akainuka waziri mwenyewe, siyo naibu. Akasema dawa zitafika, na yeye atafuatilia. Hapo gengeni watu wakanipigia makofi, dereva wa bajaji akaniita Mama wa Bungeni, akadai uji wa leo ni wa serikali hivyo haulipiwi. Na mimi nacheka! Nilikuwa bado nacheka nilipoanza kuyarudia yale maneno kichwani. Mjane. Chai. Uji. Soweto. Mtoto wa kike. Nikajiuliza, kijijini kwetu nani mwingine yuko hivyo? Uji uliungulia chini nami nimesimama na upawa mkononi.

Yaliyotokea uani kwetu nimeyapata kwa baba yako mdogo. Mshenga alikiweka kikombe chini hakijafika nusu. Akauliza, "Huyo siye shemeji yako?" Baba yako mdogo akatazama kuku. Bibi akawakaribisha chakula, wakasema wameshiba, watu waliotembea tangu alfajiri. Wewe ulikuwa unatoka jikoni na maji ya kunawa, ukakuta migongo yao. Hapo ndipo moyo wangu unapouma, mwanangu. Hayo maji ya kunawa.

Desturi yetu unaijua. Kabla jembe halijapokelewa watu huulizia ukoo, kama kuna kifafa, kama kuna wazimu, na walituuliza. Baba yako mdogo aliwajibu ukoo wetu hauna neno, na mimi kwa simu nilimwambia ajibu hivyo. Sasa wanaona tuliwafunga macho. Daktari wa hapa aliniambia wazi kwamba ugonjwa wa Tumaini hauambukizi, na kwake haukutoka kwenye ukoo, ulimwanza baada ya ile homa iliyompanda kichwani akiwa mdogo. Ningemketisha mshenga nikamweleza hivyo mimi mwenyewe, kwa utulivu, pengine angeelewa, pengine asingeelewa. Badala yake ameyasikia kwa waziri. Hilo ndilo ninalojutia nikikoroga uji, nikiosha vyombo, nikiwa kanisani watu wanaimba. Simjutii mbunge. Najuta kwamba wageni wetu walijua habari za mwanangu kwenye redio kabla ya kuzijua kwangu.

Sasa kuna jingine. Nesi wa zahanati yetu alinipigia. Alikuwa anapiga kelele, "Mama Upendo, kabati limejaa! Vya watoto vipo, vya wakubwa vipo!" Akaniambia kuna wazazi wengine wanne wameleta watoto, watu tunaosali nao, na sisi hatukuwahi kujua kwamba nao wanaficha. Baadaye mbunge naye akapiga. "Mama, lile swali langu limejibiwa. Rudi nyumbani." Nilimshukuru, nikalia, akadhani ni furaha. Habari ya posa sikumwambia. Angejisikia vibaya bure.

Niliwaza nisije kwanza. Niliwaza nikikaa huku, watu wasimwone Tumaini, maneno yatapoa, na pengine wa kina Festo watalirudisha jembe. Festo mwenyewe nasikia hajasema ndiyo wala hapana. Nilikuwa nimeshaamua hivyo. Juzi namsuka Tumaini nywele, akaniuliza, "Mama, yule mtoto wa kwenye redio ni mimi?" Nikasema ni wewe. Akasema, "Kwa hiyo dada sasa anajua kwamba sianguki tena?"

Mwanangu, sikuweza kuendelea kusuka.

Nimelia kwa ajili yako, na nitalia tena, maana nilishakuona umevaa, nilishaona hata mahali pa kuwaketisha wageni. Lakini siwezi kumficha mmoja ili mwingine aolewe. Nimejaribu kuigeuza hivi na hivi, haigeuki. Kwa hiyo tunarudi. Jumamosi ijayo tutapanda basi la asubuhi, tutashuka Igowole mchana, siku ya gulio watu wamejaa, na Tumaini atavaa gauni la mikono mifupi kama watoto wengine. Ukija kutupokea nitafurahi. Usipokuja nitajua uchungu bado haujatoka, mizigo nitaibeba mwenyewe, na nyumbani sitakuuliza neno mpaka wewe uanze. Kunikasirikia nikasirikie, una haki. Yeye usimkasirikie.

Nisalimie bibi yako sana, umwambie asijilaumu kwa redio. Msalimie baba yako mdogo na mkewe, na yule nesi wetu, na mama mchungaji aliyekuwa akiniulizia masomo ya Tumaini nami nikimdanganya. Nikija nitamwambia kweli. Wasalimie na wenzako wa kwaya. Tumaini anakusalimia, anasema shikamoo dada.

Na ukikutana na Festo njiani, usipite kimya. Msalimie. Usimwombe kitu, usimweleze kitu. Msalimie tu, uendelee na safari yako, kichwa juu.

Nakupenda, mwanangu, na sijalala vizuri.

Ni mimi mama yako,
Mama Upendo na Tumaini