Kuvua Bass kwa Barua

Tuwan, Kitale
3 Februari 2025

Kwako Mama,

Mulembe, Mama. Sisi huku tuko salama. Rosaline hajambo, na mtoto ameota jino la tatu na anauma kila kitu, hata sabuni. Natumaini mgongo umekuachilia kidogo na wale kuku wageni wameanza kutaga.

Najua si kawaida mkwe kukuandikia bila kupitia kwa mke wake. Rosaline mwenyewe ndiye amenipa kalamu. Basi niseme haraka kabla aibu haijanishika.

Kituo cha maziwa nilikokuwa nafanya kazi kilifungwa tangu Krismasi. Nimetafuta kazi mpaka viatu vimechoka. Majuzi nikasikia kuna mama mmoja karibu na Endebess, Bi Gladwell, ana shamba lenye bwawa, na bwawani mna bass, yule samaki wa mdomo mpana anayemeza wenzake. Wageni hulipa kuja kumvua kwa fimbo, halafu wanamrudisha majini. Ati wanamrudisha! Anatafuta mtu wa kuwaongoza. Aliniuliza kama nimewahi kuvua bass, nikasema tangu utotoni.

Mama, mimi ni mtu wa Kapsokwony, kwa wafugaji wa mlimani. Babu yangu alimwita samaki nyoka wa maji, na kwetu hakuna aliyemgusa hata kwa kijiti. Lakini nilikumbuka Rosaline akisema wewe ulikua ukivua, nikaongeza kwamba mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha. Bi Gladwell alifurahi sana. Amenipa fimbo na kopo la minyoo ya mpira ya kutia kwenye ndoano. Tarehe 29 Machi ataleta mgeni wa kunijaribu. Mgeni akipata bass, kazi ni yangu. Akikosa, sina tena pa kugonga, na kodi ya nyumba haitungoji.

Nimekwenda asubuhi nane. Sijapata hata mmoja. Nisaidie.

Mkweo,
Kipngeno

*

Bungoma
9 Februari 2025

Mkwe wangu Kipngeno,

Mulembe na wewe. Mgongo bado una maneno, kuku wametaga, na jino la mjukuu limenifurahisha kuliko barua yako yote.

Kwanza huo uwongo. Umenifanya mwalimu wako bila kuniuliza. Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na moja na sijawahi kuletewa mwanafunzi kwa njia hiyo. Tena umefanya makosa sita ya maandishi. Nimeyazungushia wino mwekundu na barua yako nimeirudisha humu ndani uisahihishe.

Sasa samaki. Baba yangu, mzee Sifuna, alitunza bwawa la mzungu mmoja upande wa Kitale. Mzungu akienda kanisani, sisi tunavua. Nilimjua bass kabla ya kujua kusoma. Ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekuja nikusimamie begani. Lakini wewe ni mkwe, na kwetu Wabukusu mama mkwe na mkwe hawaketi pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Heshima hiyo siivunji kwa ajili ya samaki. Hata simu sitaki, maana nikicheka nitakuchekea sikioni, na hiyo si adabu. Barua zako mpe karani wa matatu za Bungoma pale stendi. Ananijua, nilimfundisha kuhesabu.

Somo la kwanza: fimbo iache nyumbani. Nenda asubuhi tatu ukae tu utazame. Bass hazururi, yeye ni mvizi. Hukaa kando ya matete, chini ya gogo lililozama, pale maji mafupi yanapokutana na kina, akingoja chakula kipite mbele yake. Anayetupa katikati ya bwawa anavua maji matupu. Niandikie ulichoona. Na uniambie kweli ulivyokuwa ukivua hizo asubuhi nane. Usiruke jambo.

Mama mkwe wako,
Edah Nakhumicha

*

Tuwan, Kitale
17 Februari 2025

Kwako Mama,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mtoto ana mafua kidogo lakini anakula. Makosa sita nimeyasahihisha, barua nimeiambatanisha.

Umesema nisiruke jambo. Nilivaa ile jaketi ya bodaboda inayong'aa, kwa sababu kule asubuhi ni baridi. Nilitembea ukingoni na gamubuti. Halafu nilikuwa nawapigia mluzi. Usicheke, Mama. Kwetu ng'ombe akiinama mtoni lazima umpigie mluzi mwororo, ndiyo anywe akiwa ametulia. Nikaona samaki naye si yuko majini, bana. Na asubuhi ya tano nilimwaga debe zima la pumba, nikasema wakija kula nitachagua mkubwa.

Sasa nilichoona. Hizi siku tatu nilikaa kimya. Siku ya pili nikarusha konzi moja ya pumba zilizobaki nyumbani. Walikuja samaki wadogo wengi. Halafu kando ya gogo moja, upande wa matete, wale wadogo wakaruka juu ya maji wote kwa pamoja kama bisi kwenye sufuria, na chini yao nikaona mgongo wa kijani ukigeuka. Alikuwa mkubwa kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko.

Mkweo,
Kipngeno

*

Bungoma
22 Februari 2025

Mkwe wangu,

Sisi wazima. Nilicheka huo mluzi wako mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya. Mpe mjukuu maji ya vuguvugu yenye asali.

Pumba haziliwi na bass. Yeye anataka kitu chenye uhai, au kinachojifanya hai. Lakini kosa lako limekuonyesha kitu ambacho wengi hawakioni: walipo wadogo, mkubwa hayuko mbali. Hilo gogo ndilo darasa lako.

Vaa nguo za rangi ya majani makavu. Kanyaga kama unapita karibu na mtoto aliyelala, maana kishindo cha ukingoni hufika majini kabla yako. Jua likiwa mgongoni mwako, chuchumaa, kivuli chako kisimguse. Nenda kukiwa bado na ukungu, au jioni. Saa sita mchana hata bass anapumzika.

Ule mnyoo wa mpira utupe mbele ya gogo, siyo juu yake. Uache uzame mpaka mshipi ulegee. Inua ncha ya fimbo kidogo, kimo cha shibiri, kisha uache. Hesabu hadi kumi. Inua tena. Ninyi vijana mnapenda kuvuta vuta, lakini bass hula wakati wewe umetulia. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja tu, ujue ni kipi kilichokusaidia. Andika daftarini.

Mama mkwe wako,
Edah Nakhumicha

*

Tuwan, Kitale
5 Machi 2025

Kwako Mama,

Salamu nyingi. Mafua ya mtoto yameisha, asali pia imeisha.

Wamegusa! Jumamosi mmoja, jana wawili. Nasikia tu tap, tap kwenye mshipi, navuta kwa nguvu zangu zote, na kunabaki maji. Wa tatu nilimfikisha karibu kabisa, akaruka juu, akatikisa kichwa, akanitemea mnyoo usoni. Nilikaa chini nikakaribia kulia, mwanaume mzima.

Zimebaki siku ishirini na nne. Nakosea wapi?

Mkweo,
Kipngeno

*

Tuwan, Kitale
19 Machi 2025

Kwako Mama,

U hali gani? Wiki mbili hujajibu. Rosaline anapiga simu, haishikwi. Jirani anasema ulisafiri na kikapu, hakuuliza wapi. Kama nimekukosea kwa kuandika vile nilivyokaribia kulia, nisamehe. Sisi tunataka tu kujua uko salama.

Samaki nimepoteza wengine wawili. Tena jana na leo kuna mama fulani amekuja kukaa ng'ambo ya bwawa na mwavuli mweusi mkubwa kama hema, ananitazama tu. Nilimpigia kelele anaogopesha samaki wangu. Akainamisha mwavuli tu. Watu wengine hawana kazi.

Nadhani nitamwambia Bi Gladwell nimeugua.

Mkweo,
Kipngeno

*

Endebess
20 Machi 2025

Mkwe wangu Kipngeno,

Barua yako karani ameigeuza njia ikanifikia huku leo jioni. Mimi mzima, simu ndiyo niliisahau Bungoma kwenye chaja. Nimelala kwa rafiki yangu Jerono, tulifundisha pamoja.

Yule mama asiye na kazi ni mimi.

Kati yetu kulikuwa na maji, na uso wangu ulikuwa nyuma ya mwavuli, kwa hiyo heshima iko palepale. Ilinibidi nije. Kuna makosa ambayo mwanafunzi hawezi kuyaandika kwa sababu hayajui. Umeniambia unavuta, hukuniambia unavuta lini.

Unavuta akigusa tu. Hapo bass bado anauonja mnyoo. Ukisikia tap, shusha ncha ya fimbo, kunja mshipi uliolegea, ngoja uhisi uzito kama mtu ameshika upande wa pili. Ndipo uinue, mara moja, kwa uhakika. La pili: akishanasa unainua fimbo mpaka mbinguni na kumkokota kama ndama aliyekataa zizi. Ndiyo maana anaruka na kujing'oa. Fimbo iweke chini, ubavuni. Akitaka kukimbia, mwache akimbie kidogo, atachoka. Akifika, lowesha mikono kwanza, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, mrudishe upesi.

Miguu yako sasa ni mizuri. Sikuisikia kabisa.

La mwisho. Ugonjwa wa uwongo juu ya uwongo wa kwanza sitaki kusikia. Nenda kwa Bi Gladwell ukamwambie ukweli kabla mgeni hajafika. Ukipata kazi kwa jina langu bila ukweli, mimi ndiye nitakayeona haya kila nikimwona mjukuu wangu akila.

Mama mkwe wako,
Edah Nakhumicha

*

Tuwan, Kitale
30 Machi 2025

Kwako Mama,

Tuko wazima sana!

Bi Gladwell nilimwambia ukweli Alhamisi. Nikageuka kuondoka, akaniita. Akasema, "Kwa hivyo miezi miwili iliyopita ulikuwa hujui hata kushika fimbo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa. Mgeni anakuja. Tuone."

Mgeni ni Wahu, mama wa makamo kutoka Nairobi, hajawahi kuvua maishani. Nilimpeleka kwenye gogo kukiwa na ukungu. Saa nzima hakuna kitu. Bi Gladwell amesimama nyuma yetu amekunja mikono. Halafu tap. Wahu akataka kuvuta, nikamwambia polepole, "Bado, mama. Ngoja uhisi uzito." Akangoja. Akainua, na fimbo ikapinda! Kilo mbili na kidogo, Mama. Alilowesha mikono, akamshika, akamwachilia, akanikumbatia mbele ya mwajiri.

Kazi nimepata. Bi Gladwell alisema mvuvi wa kuzaliwa hajui kumfundisha asiyejua, lakini mimi bado nakumbuka kila kosa. Halafu akauliza: aliyekufundisha wewe anaweza kuja Jumamosi? Analipa. Nikamweleza mila yenu. Akasema bwawa lina kingo mbili.

Asante, Mama. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Mkweo,
Kipngeno

*

Endebess, kwa Jerono
14 Aprili 2025

Mkwe wangu Kipngeno,

Mulembe. Jerono anakusalimu. Mgongo hauna maneno leo, pengine kwa sababu una mengine ya kufikiria.

Jumamosi nilishika fimbo kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Wageni wangu wawili walipata, nikafurahi. Walipokwenda kunywa chai nikajaribu mwenyewe, pale kwenye matete ya upande wangu. Niliguswa mara nne. Wote wamenitoroka. Nimelala nikiwaza. Nimehesabu hadi kumi, nimengoja uzito, na bado sijui nilikosea wapi.

Wewe ulikuwa ng'ambo na nilikuona umesimama ukitazama. Niandikie ulichoona. Usiruke jambo, na usinionee haya.

Mama mkwe wako,
Edah Nakhumicha