Gari la Kunifikisha Musumba

Kapend mjukuu wangu,

Nyumba yangu ya Kolwezi ilianguka mwezi wa tano. Jirani alichimba kobalti chini ya sebule yake, akaendelea mpaka chini ya kitanda changu, na hadi leo hajaja kuniomba msamaha. Sisi tu wazima. Nalala kwa mama yako, naye anakusalimu sana huko Lubumbashi.

Unaniuliza ununue haibridi, lile la betri na petroli pamoja, au gari la petroli tu, maana ndilo litakalonipeleka Musumba kumwona dada yangu. Hesabu yako ya mafuta ni sahihi kwa mjini, penye kusimama na kuondoka. Barabara ya Sandoa, tutakayopita kwenda Musumba, ina hesabu nyingine.

Nilipokuwa kijana, mjomba wangu alitaka lori. Kwanza aliifuata barabara hiyo kwa baiskeli, akiuliza kila kijiji mafundi wake wanajua kutengeneza lori gani. Kisha akanunua lile lenye sura mbaya kuliko yote. Watu wakacheka: "Tata, ulinunua lori ao kuku mugonjwa?"

Akajibu, "Kuku huyu ana munganga mu kila kijiji."

Tuliharibikiwa mara nyingi, na kila mara tulifika. Tangu hapo, nikiona gari zuri, nawatazama kwanza watu watakaolifungua likizimika.

Dada yangu hawezi tena kusimama, na mvua ikianza hatutapita. Wapigie simu mafundi wa Sandoa, kisha uniambie kabla ya misa ya Jumapili: unakuja na gari gani, na siku gani?