Kiswahili cha Polisi na Kiingereza cha Kuombea Maji

Dada yangu Kemigisha,

Leo nimefundisha kugawanya, na nimekukumbuka hata kabla sijashika chaki. Wengine watakaosoma maneno haya hawakukujua, kwa hiyo univumilie nikieleza mambo unayoyajua vizuri kuliko mimi.

Nilifika hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikiwa nimekwisha kufundisha miaka mingi. Kule Fizi, kwetu Congo, nilifundisha hesabu kwa Kifaransa, na wazazi walinisalimia njiani kwa heshima. Hapa nilipewa darasa la tano, kila kitu kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuomba maji na kusema asante. Wewe, Mnyankole, mwenyeji wa wilaya hii hii ya Isingiro, ulifundisha darasa la pili, chumba cha jirani. Wiki za kwanza tulisalimiana tu.

Halafu ikaja siku ile ya baki. Kwa Kifaransa, baki ya hesabu ni "reste". Nikaona Kiingereza hakiwezi kuwa mbali, nikagonga ubao na kuwaambia watoto, "Rest!" Wakaweka kalamu chini, wakalaza vichwa kwenye madawati, maana nilikuwa nimewaambia wapumzike. Mmoja akacheka, darasa zima likafuata. Mkuu wa shule alikuwa anapita dirishani. Aliniita, akaniambia kwa upole kwamba mwisho wa muhula ataingia kunisikiliza, na kama mambo yatakuwa yale yale atatafuta mwalimu mwingine.

Ulinikuta darasani peke yangu, watoto wameshatoka. Nikakuambia, "Dada, minashindwa. Batoto banacheka, na iko haki yao."

Hukunipa pole. Ulikaa, ukasema, "Mimi pia nashindwa. Watoto ya Congo naniogopa. Kiswahili yangu ni ya polisi."

Na kweli kilikuwa cha polisi. Baba yako alikuwa askari, na ulichookota kwake kilikuwa simama, kaa chini, nyamaza, songa. Ukiwaambia hayo watoto wa darasa la pili waliokimbia vita, walijikunja. Ulitaka kujua namna ya kumwambia mtoto asiogope, na maneno yatoke kinywani kama ya mama.

Ndivyo tulivyoanza. Kila jioni, kabla ya kwenda nyumbani, mimi nilikufundisha wewe somo langu la kesho kwa Kiingereza, na wewe ukanifundisha lako kwa Kiswahili. Nilikuonyesha jinsi mama wa kwetu anavyomwita mtoto, anavyomuuliza kama amekula. Wewe ulinisahihisha bila haraka. Nikikwama ulinisubiri nitafute neno mwenyewe, hata nikakukasirikia. Tulibishana juu ya kugawanya: kwetu namba inayogawanya huandikwa kulia, kwenu kushoto. Kila mmoja akafanya kivyake ubaoni, jibu likawa lile lile, tukacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Baadaye mwalimu Mrundi wa sayansi akaomba kukaa nasi, kisha wengine, na mkutano wetu ukawa hauna tena fasi ya kutosha kwenye lile benchi.

Siku ya mkuu wa shule kunisikiliza ikafika. Watoto wako walikuwa wameshakwenda nyumbani, ukaja ukakaa nyuma kabisa, kati ya wanafunzi wangu, magoti yamebanwa na dawati. Nilifundisha vizuri hadi nilipofika kwenye baki, na lile neno likanitoka kichwani. Nilibaki nimegeukia ubao. Ndipo nikasikia sauti yako. Ulikuwa umenyoosha mkono kama mwanafunzi, ukaniuliza kwa Kiingereza, "Mwalimu, 'remainder' tunaiandika wapi?"

Nikageuka, nikakujibu, nikaendelea. Mkuu wa shule alikutazama wewe, akanitazama mimi, akaandika kitu. Siku ya pili aliniambia nibaki na darasa langu, akaongeza kwamba yule mwanafunzi mkubwa wa nyuma asiache kuja. Sikuwahi kukushukuru kwa mkono ule ulioinua. Kila nilipoanza, ulinikatiza ukaniuliza neno la Kiswahili.

Ulipougua nilipanda taksi pale stendi ya Rwekubo kuja kukuona hospitali, mjini Mbarara. Njiani nilijipanga kukutia moyo. Nikakukuta umegeukia kitanda cha pili, alikolala mama Mkongomani kutoka kambini kwetu. Muuguzi alikuwa akimweleza dawa kwa Kiingereza na yule mama anaitika tu kwa woga. Ukamwambia, kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Mama, usiogope. Hii utakunywa ukisha kula. Umekula?" Yule mama akakushika vidole. Nilisimama mlangoni na kikapu changu, nikashindwa kuingia mpaka nimefuta macho.

Hukurudi shuleni. Siku ya mazishi walimu waliniomba niseme kwa niaba yao, nikasema kwa Kiingereza, mbele ya ukoo wako na wakubwa wote. Nilikosea mara nyingi. Hakuna aliyecheka, na mimi sikukatiza. Lakini mama yako hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Alinishika mikono miwili akaniambia maneno marefu kwa Kinyankole, na sikupata hata moja. Niliumia sana kurudi nyumbani bila kujua mama wa rafiki yangu ameniambia nini.

Basi nimeanza tena kujifunza, dada. Jumapili nikitoka kanisani napita kwa mama yako. Ananionyesha sufuria, ndizi, mvua, ng'ombe, nami narudia kama mtoto wa darasa la pili. Jumapili iliyopita nilikuwa nimejitayarisha. Nilimwambia kwa Kinyankole kwamba binti yake alikuwa mwalimu wangu. Akanisahihisha neno moja, akangoja nirudie. Niliporudia sawasawa, akainuka kwenda kunimiminia chai, na nikaona mgongo wake unatikisika.

Asante, Kemigisha. Lala vizuri huko uliko. Huku nyumbani kwenu naenda, na nitaendelea kwenda.

Dada yako wa darasa la jirani,
Mama Furaha