Kilio cha bibi kimekuwa wimbo wa harusi

Shangazi Jenoveva, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana silali na chakula hakipiti. Naitwa Gati, naimba kwenye bendi ya watu watatu hapa Mwisenge, mimi, Chrispin wa kinanda na Mseti wa ngoma, hatuna meneja wala studio, tunarekodi chumbani kwa Chrispin, na miaka yote tumepiga kwenye baa za Musoma na Bunda watu wakila samaki bila hata kugeuka. Mwaka jana baba mdogo Wanzagi alifariki kule Butiama, na bibi, mama yake, akamlilia kaburini kwa kuimba, akitaja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, nami nikamrekodi kwa simu iwe kumbukumbu. Chrispin alipoisikia tukaikata vipande, tukaipandisha sauti iwe nyembamba kama ya msichana, tukaiweka kwenye kiitikio, na hatukumwambia mtu. Wimbo ulioshika ndio huo, bodaboda wote wanao, hata Mwanza wametuita tamashani.

Sasa Dafroza, binti wa huyo marehemu, anaolewa Bunda Jumamosi hiyo na ameuchagua aingie nao ukumbini, hajui kwamba atacheza kilio cha baba yake. Bibi bado hajausikia, na atakaa meza ya mbele. Naogopa atasimama mbele za watu anitamkie neno la laana, na neno la bibi kwetu halifutiki. Tayari Mseti ameanguka na bodaboda akateguka mguu. Nilipotaka tuutoe, Chrispin alisema, "Gati, hiyo sauti ndiyo bendi. Ukiitoa tunarudi kule kule tulikokuwaga." Je, niseme naumwa nisiende?

*

Marahaba, Gati. Pole, hofu yako siichekei. Ila Mseti mwache nje ya hili, bibi yako hakuwa dereva. Na kuugua Jumamosi usithubutu, wimbo utapigwa hata usipokuwepo.

Mlichofanya ni kibaya, sikufichi. Watatu nyote mna midomo, na hakuna aliyeuliza. Kama sauti hiyo ndiyo bendi, basi bibi ni mwanabendi, na mwanabendi haibiwi.

Kesho asubuhi panda gari la Butiama, wewe mwenyewe. Mpigie wimbo wote, mwombe msamaha, halafu nyamaza. Akisema utolewe, utoeni, na Mwanza mtakwenda na wimbo mwingine au hamtakwenda. Dafroza naye aambiwe kabla ya Jumamosi, na bibi ndiye aamue nani amwambie.

Wewe unaogopa bibi atasimama. Mimi naogopa atakaa. Atamwona mjukuu anaingia na shela, atajisikia analia kwenye spika, na kwa kumpenda Dafroza atanyamaza, apige na makofi. Atamzika mwanawe mara ya pili na hataruhusiwa hata kutoa chozi. Nenda kesho, mwanangu, akulilie wewe.