Pikapu ya Baba Imetoka Getini

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, baridi ikiwa inaaga.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Vipi presha yako? Na lile goti lililokuwa linakusumbua ukipanda ngazi, limetulia? Nakujua, utajibu "sijambo" hata ukiwa umelala na kitambaa cha maji kichwani, kwa hiyo namwomba shemeji aniandikie ukweli pembeni mwa barua yako.

Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anakula vizuri na sauti yake ya kugomba iko palepale. Wifi yako hajambo, cherehani chake hakipoi tangu watu waanze kushonesha sare za shule. Mimi ni mzima. Naliandika tena ili lisikupite: mguu ni mmoja, mimi ni mzima.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara tatu. Umesema umenitengea chumba cha nyuma, umetafuta kitanda kifupi ili nisipate taabu ya kupanda, na tiketi utatuma siku nitakayosema. Mungu akulipe, Dada. Moyo wako naujua tangu ulipokuwa unanibeba mgongoni. Lakini siji. Kuja kuwatembelea nitakuja, na nitakula mpaka mnifukuze. Kuja kukaa nikitazama ukuta, siji. Na pale ulipoandika "iuzeni hiyo pikapu ya Baba, inakutia uchungu bure," hapo nilikasirika hasa. Hasira yenyewe nimeshaimalizia kwenye kutu, kwa hiyo usiogope kuendelea kusoma.

Unajua nilivyotoka hospitali. Tangu yale mabomba yaporomoke kwenye lori na kuuponda mguu wangu wa kushoto, kila mtu alikuwa na neno moja tu la kuniambia: pumzika. Bosi aliniambia pumzika, akanikabidhi saa ya ukutani. Majirani walipita wakasema pumzika. Miaka ishirini na miwili nimeshika usukani, mpaka jina nililopewa na Baba likasahaulika watu wakabaki kuniita Breki, halafu napewa saa nikae nayo niitazame inavyokwenda!

Baridi ilipoanza, akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na watu wake wawili na minyororo. Wifi yako ndiye aliyemwita. Usimlaumu. Aliniona nashinda dirishani naikodolea macho ile pikapu, akafikiri ikiondoka nitapona. Mimi nilichukua magongo yangu, nikatoka hivyo hivyo bila koti, nikajivuta kwa makalio mpaka nikapanda nyuma, kwenye bodi. Nikakaa.

"Mzee, shuka tupakie," akasema yule mnunuzi.

"Pakieni. Nami ni sehemu ya mzigo. Mkifika huko nipimeni kilo."

Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Wifi yako akatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Breki, shuka. Unanitia aibu mbele za watu."

"Siku gari hili likitoka hapa getini," nikamwambia, "litatoka kwa magurudumu yake, na mimi nikiwa nyuma ya usukani."

Wakakunja minyororo yao wakaenda. Wifi yako alininyima maneno siku mbili nzima. Alikuwa akiyapitishia kwa Mama: "Mwambie mwanao chai iko mezani." Nami najibu: "Mwambie mkweo nashukuru." Mama akachoka, akatuambia ama tuongee wenyewe ama tumlipe mshahara wa ukarani.

Basi nikaanza. Dada, lile gari lilikuwa limekaa juu ya mawe tangu Baba atutoke, miaka tisa. Panya walikuwa wamehamia kwenye chujio la hewa na familia zao. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeoza, ukikaa kwenye kiti unawaona sisimizi wanapita chini kwenda kwenye shughuli zao. Injini ilikuwa imeng'ang'ana, haizunguki hata kidogo. Nilimimina mafuta kwenye matundu ya plagi, nikayaacha siku tatu, nikawa kila asubuhi naenda kuijaribu kwa spana ndefu. Siku ya nne ilisogea upana wa ukucha. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akidhani nimeanguka.

Baridi ya mwaka huu haikuwa na huruma. Ukishika spana alfajiri inakung'ata vidole. Nikawa napasha vyuma karibu na jiko la mkaa kabla ya kuvitumia, kama mtu anayechoma mahindi. Mama alisema kazi hiyo ni wazimu, kisha akaburuta kiti chake mpaka kwenye mlango wa jiko, akajifunika blanketi, akapokea nati zangu zote na kuzipanga kwenye makopo. Hakuandika hata kopo moja. Ukimwuliza, anakwambia bila kutazama: "Hilo la milango. Hilo la radieta. Hilo usiliguse, ni la moyo." Injini yeye anaiita moyo. Na hatukupoteza hata nati moja.

Sitakuficha kitu, maana ukisikia kwa mwingine utaumia. Kuna siku nilishindwa. Nilikuwa nimeingia chini ya gari kufungua gia, baridi ikapanda kutoka sakafuni ikakiingia kile kigutu, kikaanza kuuma kama vile mguu wote upo na unakatwa upya. Nikajaribu kujivuta nitoke, mkono ukateleza kwenye mafuta. Mara ya pili, vilevile. Nikalala pale kifudifudi, shavu kwenye saruji, nikalia, Dada. Nililia kwa sauti. Nikajiambia wote mlikuwa na haki, na yule mnunuzi wa vyuma nimtafute mwenyewe.

Nikaona viatu vya wifi yako vimesimama. Akachuchumaa, akanitazama. Uso wangu ulikuwa mweusi kwa oili isipokuwa njia mbili za machozi. Hakunipa pole. Akauliza:

"Unataka nikuinue, au nikupe spana?"

Nikasema, "Spana."

"Ya ngapi?"

"Kumi na saba."

Akaniletea kumi na tisa, nikamrudisha, akaleta kumi na saba. Akatandika gunia chini, akalala ubavuni mwangu na gauni lake la kazi, akashika taa. Tangu siku hiyo hatukupitishiana tena maneno kwa Mama.

Bodi ilituchukua wiki tano. Sakafu mpya imechomelewa na Cheche, yule fundi wa kuchomelea wa pale kona, bado yupo na bado anavuta sigara karibu na tangi la mafuta. Kutu yote nimeipiga msasa kwa mkono. Viti wifi yako ameviondoa akavishonea kitambaa kizito cha turubai, mishono miwili miwili, akasema hata shetani akikaa havitachanika. Nyuma tumeongeza nguzo za chuma pembeni ili nibebe makabati bila kuogopa, na mlangoni nimeweka kidaraja na mshikio wa kunivutia juu. Lile bonde ulilolichimba kwenye ubavu ulipogonga nguzo ya geti, ukamwambia Baba ni mbuzi, nimelinyoosha pia. Pole, ushahidi umepotea. Mama anasema yeye alijua tangu siku ile, maana sisi hatukuwahi kuwa na mbuzi.

Shida ikabaki klachi. Mguu wa klachi ndio nisio nao. Nikachukua mkono wa klachi wa pikipiki, nikaufunga kwenye fimbo ya gia, nikavuta waya mpaka kwenye pedali. Nilipobana, waya ukakatika ukanichapa kidole. Nikaweka mnene zaidi, ukawa mgumu, mkono wangu hauuwezi. Nikamwita Cheche, nikamchorea kwa chaki sakafuni: wenzo mrefu wa chuma kando ya gia, unausukuma mbele, unakandamiza pedali, na una kindoana cha kuushika pale chini wakati mkono unahamia kwenye gia. Ukitaka kuachia, unabonyeza kindoana kwa kidole gumba, unaurudisha polepole.

Cheche akauzunguka ule mchoro kama anayetafuta mlango. "Umewahi kumwona mtu anaendesha hivi?"

"Sijawahi."

"Hata mimi," akasema, akavaa miwani yake ya kazi. "Leta chuma."

Tumeutengeneza mara nne. Wa nne ndio ulio garini. Nikafanya mazoezi humu humu uani, mbele hatua kumi, nyuma hatua kumi, mpaka Mama akasema anapata kizunguzungu kwa kutazama tu. Huu mguu uliobaki umejifunza kazi ya miwili: kisigino kwenye breki, vidole kwenye mafuta.

Jumanne moja nikalitoa gari getini mwenyewe, nje nikamwachia Cheche usukani mpaka ofisi ya ukaguzi, mimi nimekaa pembeni kama bwana harusi. Karani wa dirishani akayatazama magongo, akasema nirudi na dereva. Nikarudi Jumanne iliyofuata, na nyingine. Jumanne ya tatu nikakataa kuondoka dirishani, foleni ikajaa nyuma yangu, wengine wakaanza kunung'unika, wawili wakaanza kunitetea. Ndipo akatoka mkaguzi mkuu, mama wa makamo, koti refu, miwani puani.

"Dereva wa hili gari yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akaingia mle ndani, akaukagua ule wenzo, akausukuma yeye mwenyewe mara kama kumi. Akaingia mpaka chini ya gari na lile koti lake. Alipotoka akasema, "Chuma hakina kosa. Ila chuma hakiendeshi. Panda."

Nyuma ya ofisi kuna mlima mfupi, umesimama kweli. Tulipofika katikati akaniambia nisimame. Akashuka, akavua miwani yake, akaitia kwenye kasha lake, akaliweka kasha chini nyuma ya tairi. Kidole kimoja cha nafasi, si zaidi. Akarudi kukaa.

"Sasa ondoka. Na ujue sina miwani nyingine."

Dada, jasho lilinitoka na baridi yote ile. Kisigino breki, vidole mafuta, kindoana nje, nikaurudisha wenzo taratibu, taratibu, mpaka nikahisi gari linatetemeka kama farasi anayetaka kwenda. Nikaachia kisigino. Likapanda. Halikurudi nyuma hata unene wa uzi.

Yule mama akashuka juu kule, akateremka kwa miguu kufuata kasha lake. Akarudi akihema, akavaa miwani, akasaini. Akasema tu, "Wiki ijayo leta picha mbili za leseni." Nilitaka kumkumbatia, nikaona koti lake limejaa oili ya kutosha.

Sasa ni wiki ya tatu nafanya kazi. Nimehamisha karakana ya seremala, nimebeba vitanda vya zahanati, na Ijumaa wifi yako nimempeleka mwenyewe kupeleka sare mia na ishirini, yeye amekaa mbele, mkoba mapajani, anaangalia kushoto na kulia kuhakikisha majirani wameona. Kuna wanaosema bado. "Breki, na hali hiyo? Si upumzike?" Nawapigia honi.

Kwa hiyo, Dada, usitume tiketi, na usiniandikie tena kwa ile sauti ya msibani. Najua ni mapenzi. Lakini barua zako tatu zilizopita zilikuwa zinanizika kidogo kidogo, na wewe hukujua. Siku nikifa utalia, haki yako, na ulie sana. Kabla ya siku hiyo, ukichukua kalamu, usiniulize kama bado kunauma. Kunauma. Niulize leo nimebeba nini.

Nisalimie shemeji, mwambie goti lako ni kazi yake. Wasalimie wapwa zangu, hasa yule wa mwisho anayependa kufungua redio za watu. Asipigwe, aongezewe bisibisi. Mama anakusalimu na anasema jambo la mbuzi bado linahitaji maelezo. Wifi yako anakubusu mikono miwili. Cheche naye anakusalimu, ingawa anasema hakukumbuki vizuri.

Mungu akupe afya, akulainishie goti, na akuweke karibu na watu wako.

Mimi ndugu yako nikupendaye, hata pale ninapokukatalia,

Breki