Usisage Kidonge, Mwaitu

Mwaitu, mama yangu,

Mnaendeleaje hapo Kola? Goti limepungua maumivu, na kile kidonda cha paji la uso kimekauka? Mimi mwili ni mzima, na baridi ya huku Ujerumani nimeizoea, lakini roho imechafuka tangu Kioko aliponipigia kusema umeanguka shambani. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu, nikipandisha sauti tu, unampa Kioko.

Kumbe ulikuwa unasaga dawa ya presha! Miezi miwili unaitia kwenye uji wa asubuhi, na Kioko, ndugu yangu mtu mzima, anakutazama. Nilipomuuliza akanijibu, "Si ni wewe ulimwambia hiyo dawa inafura kwa tumbo? Mama amesema hawezi kaa na kitu ya kufura ndani yake."

Na kweli nilisema. Nilikuwa nakueleza kazi yangu kwa majivuno: kwamba tunaweka vidonge kwenye maji ya uvuguvugu na kuvipiga picha kwa MRI, ile mashine ya sumaku wanayopigia wagonjwa picha za ndani, tuone vinavyofura. Sikumaliza. Sikusema kwamba kufura huko ndiko kazi yake. Kidonge kikilowa kinajivika utelezi kama ute wa yai, na dawa inapita humo polepole, kutwa nzima. Tumbo lako halifuri hata kidogo. Ukikisaga, dawa ya siku nzima inakuingia kwa mara moja, presha inashuka ghafla, na wewe unaenda chini na jembe mkononi.

Lakini yule jamaa wa kemisti hapo sokoni ndiye amenikasirisha kabisa. Ulimuuliza, naye bila hata kuitazama paketi akakwambia, "Saga tu mama, hata itashika haraka." Itashika haraka! Na amevaa koti jeupe! Waliotengeneza hiyo paketi nao wameandika onyo kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Wewe ulitakiwa usome na nini?

Siku ile Kioko aliponipigia, nilichukua kidonge cha aina yako, nikakisaga, nikaweka ule unga kwenye maji, ndani ya mashine. Bosi wangu alinung'unika kwamba napoteza muda. Kidonge kizima huwa tunakitazama mchana kutwa, kiini chake kikavu, kinachoonekana cheusi pichani, kikipungua kidogo kidogo. Ule unga ulitawanyika kabla sijakaa kwenye kiti. Nililia mbele ya bosi, wala sikuona haya.

Halafu nasikia daktari alipokuuliza umeangukaje, ulisema umejikwaa. Kioko anasema hukutaka mtoto wako aonekane amekufundisha vibaya. Mwaitu, jamani! Daktari akidhani dawa unaimeza sawasawa, atakutibu nini?

Nisalimie mke wa Kioko, na shangazi aliyekuokota shambani. Mwambie nimemshukuru sana. Ukiipata barua hii, kesho yake rudi hospitali na paketi mkononi. Sema ulikuwa unasaga, na useme ni binti yako aliyekutia hofu. Nitaje kwa jina. Heri nichekwe na hospitali nzima kuliko kuitwa nyumbani nije kukuzika.

Ni mimi mwanao,
Mwende