Seva Isiyo na Pa Kuingilia

Jumapili, Februari 2016. Flemingdon Park.

Huku ughaibuni theluji imeanza kuyeyuka, njia zote ni matope ya kijivu, na mimi leo simwamini mtu. Nilienda kanisani na hasira, nimerudi nayo imeongezeka.

Wacha nianze na Mama Neema, kwa sababu yote haya yametokana na yaliyompata yeye. Mwezi uliopita aliandika kwenye tovuti ya kanisa, ule ukurasa wa maombi, kwamba mumewe amekataliwa ombi lake la ukimbizi. Aliomba Mchungaji peke yake asome. Jumapili iliyofuata akina mama wakawa wanamkumbatia jikoni na kumpa pole. Mumewe anapakua mizigo kwenye ghala moja huko Malton, pamoja na waumini wetu wengine. Habari ikimfikia msimamizi wao, kazi imekwenda.

Kuna mtu alisoma. Lakini nani? Paswadi ya seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti, ilikuwa jina la kwaya yetu, na wanakamati wote wa kanisa walikuwa nayo. Kwetu ukimnyima mtu wa kanisa paswadi ni kama umemwita mwizi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunyimwa.

Kazi yangu ni kompyuta, basi nikajitolea kuijenga seva upya, safari hii kwa kutumia unikernel. Seva ya kawaida hubeba mfumo mzima: akaunti za watumiaji, programu chungu nzima ambazo hakuna anayezihitaji, na mahali pa kuandikia amri. Mtu akishaingia, vifaa vya kufanyia uharibifu anavikuta humo humo. Unikernel huchukua programu yako moja na vile vipande vichache inavyohitaji ili iende, basi. Hakuna akaunti. Hakuna pa kuandikia amri. Ombi likiingia linafungwa kwa msimbo wa siri ambao ufunguo wake anao Mchungaji tu, linatumwa kwake, na kwenye seva halibaki.

Hata mimi siwezi kuingia.

Leo baada ya ibada, wakati wa chai, Ndugu Kioko akanivuta kando. Ndiye katibu wetu, na tangu mwanzo nilikuwa namshuku yeye.

"Dada Wanja, nimejaribu kuingia kwenye seva, inakataa."

"Hakuna pa kuingilia, Ndugu. Si wewe tu, hata mimi."

"Na nani aliijenga?"

"Mimi."

"Basi wewe huwezi kukosa njia," akasema, akaendelea kukoroga chai yake.

Nilichemka. Yeye alitaka kuingia kufanya nini? Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukosea. Naweza kuijenga tena nikaweka humo njia ya kuniletea nakala ya kila ombi, na hakuna mtu pale kanisani angejua. Wao wanaona ukurasa tu.

Nikamkuta Mama Neema kwenye ngazi, anamvalisha mtoto viatu vya theluji. Nikamweleza kwamba nimefunga kila kitu, hakuna atakayesoma tena mambo yake. Nilidhani atafurahi. Niseme ukweli, nilitaka anishukuru.

Hakuinua macho.

"Wanja, siku ile nikiandika nilikuwa nimeketi na nani? Si ni wewe ulinisaidia kuchapa? Na sasa naambiwa umewafungia wote nje, umebaki wewe peke yako."

Akamshika mtoto mkono, wakaenda zao kituoni kungoja basi la Don Mills.

Ni kweli, nilikuwa naye. Mimi ndiye niliyechapa, yeye akinitajia maneno huku analia. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Mwezi mzima nimemshuku Kioko, nikamshuku mweka hazina, nikashuku hadi wanakwaya. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mtu anayenishuku mimi. Nimefika nyumbani nikakaa kwenye kiti na koti langu bado mwilini.

Naweza kumwonyesha programu yote, mstari kwa mstari. Lakini yeye hasomi programu, na wa kumfasiria ningekuwa mimi huyo huyo.

Kesho nitampigia simu. Na akishika, akaniuliza tu kwa upole, "Wanja, ulimwambia nani?", nitamjibu nini ambacho mwongo hawezi kujibu?